Florence Foster Jenkins: Fanani Aliyechekwa na Hadhira Yake

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba hakuna utendaji pasipo hadhira. Hadhira huitikia, hushangilia, hukosoa na, fanani anapoteleza, hucheka. Swali ambalo aghalabu hatuliulizi ni hili: hadhira ina wajibu gani kwa fanani ambaye huteleza kila apandapo jukwaani ilhali mwenyewe hajui? Maisha ya Florence Foster Jenkins, mwimbaji wa Marekani, yanatupa fursa ya kulitafakari.

Alizaliwa tarehe 19 Julai 1868 mjini Wilkes-Barre, katika jimbo la Pennsylvania. Utotoni alikuwa hodari wa kupiga piano. Baba yake, mwanasheria tajiri, alikataa kumgharimia masomo ya muziki Ulaya, naye akaolewa na daktari Frank Jenkins. Ndoa hiyo haikumwachia ila jina na ugonjwa wa kaswende. Walipotengana alijikimu kwa kufundisha piano, hadi mkono wake ulipoumia na mlango huo nao ukafungika. Mwaka 1909 baba alifariki na kumwachia urithi. Ndipo Florence, akiwa amepita umri wa miaka 40, alipogeukia uimbaji. Mwaka 1917 aliunda Verdi Club, chama cha wapenzi wa muziki jijini New York.

Kikwazo kilikuwa sauti. Hakuweza kushika noti wala kufuata mapigo, na nyimbo alizozipenda ni zile za opera ambazo huwatoa jasho hata mabingwa. Mpiga piano wake, Cosmé McMoon, alilazimika kuharakisha au kupunguza mwendo ili aende naye. Wapo wanaokisia kuwa maradhi au dawa za zama hizo zilikuwa zimeathiri usikivu wake. Maleba yake nayo yalizua gumzo, hasa vazi la malaika mwenye mabawa. Inasimuliwa kuwa katika wimbo mmoja wa Kihispania aliirushia hadhira maua kutoka kikapuni, na siku moja kikapu chenyewe kikayafuata. Hadhira ilipotaka wimbo urudiwe, maua yaliokotwa kwanza, yakarejeshwa kikapuni, naye akaanza upya.

Kwa miaka mingi aliimba mbele ya waalikwa katika hoteli ya Ritz-Carlton. Mwandani wake, mwigizaji Mwingereza St. Clair Bayfield, alihakikisha kuwa wakosoaji wakali hawaingii. Waalikwa walipozidiwa waliziba vinywa kwa leso, na marafiki wakapiga makofi na vigelegele ili kicheko kimezwe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu alisifiwa, wala hapakuwa na aliyemwambia kuwa tembo lilikuwa maji tangu mwanzo.

Tarehe 25 Oktoba 1944, akiwa na umri wa miaka 76, aliimba katika ukumbi mashuhuri wa Carnegie Hall. Tiketi zilikuwa zimekwisha wiki kadhaa kabla, na wengi walikosa nafasi. Safari hii milango ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye tiketi, wakosoaji wakiwemo. Hadhira ilicheka waziwazi, na magazeti yakamdhihaki bila huruma. Siku chache baadaye alipatwa na mshtuko wa moyo, akafariki tarehe 26 Novemba.

Ni rahisi kuwalaumu waliocheka Carnegie Hall. Hata hivyo, wenye leso walicheka vilevile, tena kwa miaka mingi zaidi. Tofauti ni kwamba wao walijificha, nao wakaita hali hiyo heshima. Katika utambaji wa ngano, msikilizaji humkatiza mtambaji anapokosea, akamsahihisha papo hapo, na kisa kikaendelea. Hakuna anayeona kuwa mtambaji amevunjiwa heshima. Florence alinyimwa msikilizaji wa namna hiyo. Marafiki walimsitiri, mahasimu walimwanika, na baina yao hapakutokea wa kumkosoa kwa upole angali na nafasi ya kuchagua: ajifunze zaidi, abaki kuimbia rafiki zake, au apande jukwaa kubwa akijua vyema kinachomngoja.

Labda angepanda tu. Santuri alizorekodi zingali zinasikilizwa, na wanaozicheka hukiri kuwa furaha yake ya kuimba haikuwa ya kuigiza. Lakini uamuzi huo ulistahili kuwa wake.