Benjamin Franklin na Radi

Sisi tukaao Kamanga hatuhitaji kufundishwa ukali wa radi. Wingu jeusi likipanda juu ya Ziwa, wavuvi huharakisha mitumbwi pwani na akina mama huita watoto ndani. Na radi ikiua ng'ombe au mtu, hawakosekani wa kumtaja bibi kizee fulani kuwa ndiye aliyeituma. Kwa hiyo inafaa tumjue Benjamin Franklin.

Alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 17 Januari 1706, mwana wa fundi wa sabuni na mishumaa. Shuleni alikaa miaka miwili tu. Alipokuwa na miaka 12 aliwekwa chini ya kaka yake ajifunze kazi ya kupiga chapa. Elimu nyingine aliipata kwa kujisomea. Baadaye alihamia Philadelphia, akawa na kiwanda chake mwenyewe.

Siku zile huko Ulaya kengele za kanisa zilipigwa ili kuifukuza radi. Lakini mnara ndio uliokuwa mrefu kuliko vyote, na wapiga kengele wengi waliuawa kamba ikiwa mkononi. Franklin aliamini kuwa radi ni umeme, akaeleza njia ya kuthibitisha. Mwezi Mei 1752 Wafaransa waliifuata, wakapata cheche katika chuma kirefu. Mwaka huo huo Franklin alirusha tiara wakati wa ngurumo, na ufunguo uliofungwa kwenye uzi ukatoa cheche. Mtu asithubutu kumwiga: mwaka 1753 Profesa Richmann aliuawa mjini St Petersburg katika jaribio la namna hiyo.

Ndipo ikaja kinga radi: chuma chenye ncha juu ya paa, kilichounganishwa na ardhi, ili umeme upite humo bila kuidhuru nyumba. Franklin aliieleza katika almanaka yake ya 1753, kila mtu aitumie bure. Wako waliolalamika kwamba anazuia hasira ya Mungu. Lakini hao hao waliezeka nyumba zao kuzuia mvua.

Hakuwa mtu asiye na doa. Alimiliki watumwa. Uzeeni aligeuka, na Februari 1790 alitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani dhidi ya utumwa. Alifariki tarehe 17 Aprili mwaka huo.

Radi hupenda kilicho kirefu: mti, mlingoti, mtu aliyesimama mtumbwini. Haitumwi na jirani. Tusikiapo ngurumo tutoke majini, tusijikinge chini ya mti. Na mvua ikikatika, twende tukamjulie hali yule bibi kizee.