Maisha ya Askofu Mkuu Janani Luwum

Kila mwezi wa Februari tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Alizaliwa mwaka 1922 kijijini Mucwini, katika nchi ya Waacholi. Utotoni alichunga mifugo, kama watoto wengi wa hapa kwetu Bariadi. Alisoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na Januari 1948 akaokoka katika ule uamsho uliofika hata Tanzania. Ndipo akaenda Buwalasi kusomea uchungaji. Mwaka 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu.

Wakati huo alitawala Idi Amin. Mwaka 1971, mara baada ya kutwaa serikali, alitoa amri iliyowapa askari wa jeshi uwezo wa kukamata raia bila hati. Ilisemekana ni kwa ajili ya usalama. Lakini mtu akishachukuliwa, hapakuwa na hakimu wa kuuliza yuko wapi. Luwum ndiye aliyekwenda kwenye ofisi za usalama kuwaulizia waliopotea.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari wenye bunduki waliingia nyumbani kwake kutafuta silaha. Hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Rais kulalamikia mambo hayo. Tarehe 16 waliitwa kwenye Hoteli ya Nile, Kampala. Wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Redio ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Walioona mwili wake waliona matundu ya risasi.

Tusidhani hayo ni ya Uganda tu. Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, mwaka 1976, msako wa wauaji ulifanyika Mwanza na Shinyanga. Wauaji walikuwapo kweli, na watu walikuwa na hofu. Lakini washukiwa waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa walinzi wa sheria. Tofauti ni kwamba kwetu watu waliwajibika: Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na baadaye maofisa wakashtakiwa na kufungwa.

Leo tunayo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Ugaidi ni dhambi, na serikali ina wajibu wa kutulinda. Hata hivyo sheria nzuri hugeuka dhuluma ikiwa aliyekamatwa hafikishwi mahakamani, wala ndugu zake hawajui alipo. Na sisi tunapomkamata mwizi wa ng'ombe kijijini, tunampeleka kwa hakimu, au tunamhukumu kwa fimbo papo hapo?

Tuwaombee polisi wetu. Tena, jirani akikamatwa, twende tukamwulizie, kama alivyofanya Luwum.