Robert Wangila: Dhahabu ya Seoul na Raundi ya Tisa ya Las Vegas

UFAHAMU NA UFUPISHO

Soma kwa makini wasifu ufuatao, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni. Kumbuka kuwa wasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine, kwa nafsi ya tatu. Mtu akiandika habari za maisha yake mwenyewe, maandishi hayo huitwa tawasifu.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi, Kenya, tarehe 3 Septemba 1967. Aliishi miaka 26 tu. Katika miaka hiyo michache alifanya jambo ambalo hakuna bondia mwingine wa Kenya amelifanya mpaka leo: alitwaa medali ya dhahabu ya ngumi katika Michezo ya Olimpiki.

Wangila hakuanzia patupu. Kenya ilikuwa na sifa ya ngumi tangu yeye akiwa mtoto mchanga. Philip Waruinge alipata medali ya shaba kule Mexico mwaka 1968, kisha akapata ya fedha Munich mwaka 1972. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilisusia michezo ya Montreal kwa sababu ya siasa za ubaguzi wa rangi za Afrika Kusini. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, safari hii michezo ya Moscow. Kwa hiyo kizazi kizima cha mabondia kilifanya mazoezi, kikapevuka na kuzeeka bila kuiona Olimpiki. Kenya iliporejea Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali alipata medali ya shaba. Fedha na shaba zilikwishapatikana. Dhahabu ndiyo iliyokosekana.

Michezo ya mwaka 1988 ilifanyika Seoul, Korea Kusini. Wangila, aliyekuwa ametimiza miaka 21 mwezi huohuo wa Septemba, alipigana katika uzito wa welter, yaani mabondia wasiozidi kilo 67. Hakuwa miongoni mwa waliotajwa sana kabla ya mashindano. Hata hivyo alisonga mbele hatua kwa hatua mpaka fainali, akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Pambano hilo halikufika mwisho. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha mpinzani wake, na Boudouani hakuweza kuendelea. Kenya ilirudi nyumbani na medali tano za dhahabu. Nne kati ya hizo zilipatikana kwa miguu, na wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilipatikana kwa ngumi.

Ushindi huo ulikuwa na uzito zaidi ya medali yenyewe. Kabla yake, mabondia wa Afrika waliokuwa wamepata dhahabu ya Olimpiki walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini. Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo. Kwa majirani pia ilikuwa habari kubwa. Tanzania ilikuwa na Titus Simba, aliyepata medali ya fedha ya ngumi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970, lakini katika Olimpiki medali zake mbili, zote za fedha, zilitokana na mbio za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980. Kijana wa Nairobi alikuwa ameonesha kuwa bondia wa Afrika Mashariki anaweza kusimama juu kabisa.

Medali ya Olimpiki, hata hivyo, hailipi kodi ya nyumba. Ngumi za ridhaa humpa bondia heshima, lakini riziki iko kwenye ngumi za kulipwa. Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa nchini Marekani, na baadaye akawa akipigana Las Vegas, jiji la kamari na mapambano makubwa. Hapo alikuta mchezo wenye jina lilelile lakini mambo tofauti. Kule Seoul pambano lilikuwa la raundi tatu, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa kofia hiyo haipo, na pambano huweza kufika raundi kumi au kumi na mbili. Bondia wa ridhaa hujifunza kushinda haraka. Bondia wa kulipwa hulazimika kujifunza kustahimili, na kila raundi anayostahimili ina deni lake mwilini.

Wangila alipigana mapambano 27 ya kulipwa. Alishinda 22 na kushindwa 5. Hesabu hiyo si mbaya, lakini haikumfikisha kwenye ubingwa wa dunia alioutafuta. Hapa maisha yake yana kitu cha kushangaza. Boudouani, yule aliyeangushwa Seoul, naye aliingia katika ngumi za kulipwa, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia. Aliyeshindwa alifika alikotaka kufika mshindi. Lakini wakati huo Wangila alikuwa ameshafariki miaka miwili iliyopita.

Pambano lake la mwisho lilikuwa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, dhidi ya Mmarekani David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi aliona Wangila anapigwa bila kujikinga vya kutosha, akalisimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alikuwa bado amesimama kwa miguu yake, na alilalamika pale pale ulingoni kwamba ameonewa. Kisha aliondoka akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko hali yake ilipobadilika: alipoteza fahamu, akakimbizwa hospitali, na madaktari wakampasua kichwa ili kuondoa damu iliyokuwa imeganda. Hakuzinduka. Alifariki tarehe 24 Julai 1994, na mwili wake ukarudishwa Kenya.

Mtu anawezaje kubishana na mwamuzi, kutembea, halafu akazimia muda mfupi baadaye? Jibu liko katika maumbile ya kichwa. Ubongo haujafungwa imara ndani ya fuvu. Umezungukwa na majimaji na hutikisika kichwa kinapopigwa. Ngumi ikiwa kali, mishipa midogo ya damu iliyo kati ya ubongo na fuvu huweza kukatika. Damu huvuja polepole. Mwanzoni mtu huzungumza na kutembea kama kawaida. Lakini fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu inapozidi hukosa pa kwenda na hukandamiza ubongo. Ndiyo maana aliyepigwa kichwani si shahidi mzuri wa hali yake mwenyewe. Anajiona mzima hali ameshaumia.

Baada ya kifo chake yalizuka mabishano. Wako walioulaumu mchezo wenyewe, wakitaka upigwe marufuku. Wako waliosema mwamuzi alichelewa. Lakini ukifuatilia matukio utaona jambo jingine: mwamuzi aliyelalamikiwa ndiye peke yake ulingoni aliyejaribu kumwokoa Wangila. Sifa ileile iliyompa kijana huyo dhahabu, ya kukataa kushindwa, ndiyo iliyomfanya asione kwamba pambano limekwisha kwa faida yake. Ujasiri haukumponza peke yake. Kilichomponza ni ujasiri usiokuwa na mtu wa kuuzuia mapema.

Wasomaji wa Shinyanga na Geita hawahitaji kwenda Las Vegas kulielewa hili. Mchimbaji mdogo anayeshuka ndani ya duara kutafuta dhahabu huweka mwili wake rehani kama bondia. Usalama wake hautegemei nguvu zake tu, bali pia mwenzake aliyebaki juu, anayeona ufa kwenye ukuta ambao yeye aliye chini hauoni. Akiitwa atoke, mchimbaji mwenye busara hatoki kwa kuwa ameshindwa; anatoka kwa kuwa anajua aliye nje anaona zaidi. Dhahabu itachimbwa kesho. Wangila alipata dhahabu yake akiwa na miaka 21, na jina lake limebaki katika historia ya michezo ya Afrika Mashariki. Ambacho hakukipata ni kesho yake.

MASWALI

1. (a) Taja mabondia wawili wa Kenya waliopata medali za Olimpiki kabla ya Wangila, na aina ya medali alizopata kila mmoja.
(b) Kwa nini mwandishi anasema "mlango ulifungwa"?

2. Eleza maana ya maneno na mafungu yafuatayo kama yalivyotumika katika habari uliyosoma:
(a) zilisusia
(b) kikapevuka
(c) ngumi za ridhaa
(d) huweka mwili wake rehani

3. Onesha tofauti mbili kati ya pambano la Seoul na mapambano ya kulipwa ya Marekani.

4. Mwandishi anadai kuwa aliyepigwa kichwani si shahidi mzuri wa hali yake. Thibitisha dai hilo kwa kutumia hoja mbili kutoka katika habari.

5. Je, unakubaliana na mwandishi kwamba mwamuzi alijaribu kumwokoa Wangila? Toa sababu mbili. (Swali hili halina jibu moja, mtahini atapima uzito wa sababu zako, siyo upande uliouchagua.)

6. Fupisha aya inayoanza na maneno "Mtu anawezaje kubishana na mwamuzi" kwa maneno yasiyozidi 40.

7. Andika wasifu wa mwanamichezo yeyote wa Tanzania unayemfahamu, kwa maneno yasiyopungua 200 na yasiyozidi 250. Zingatia mpangilio wa wakati, tumia nafsi ya tatu, na usiishie kwenye kuorodhesha ushindi. Eleza pia ushindi huo ulimgharimu nini.