Katharine Cook: Muuguzi aliyeondoka wodini ili afunze wakunga

MUUGUZI anapoacha zamu za usiku katika hospitali ya Kitale au ya Bungoma na kwenda kufundisha katika chuo cha uuguzi, hakosi wa kumnong'ona. Wapo watakaosema ameikimbia kazi ngumu, na wapo watakaomwonea gere kwa kushika chaki badala ya sindano. Ni wachache wanaojua kwamba njia hiyo ilitembewa karne moja iliyopita, upande wa pili wa mpaka, na mwanamke aliyewauguza wagonjwa kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuamua kuwa wodi pekee haitoshi.

Mwanamke huyo ni Katharine Cook. Historia ya tiba ya Afrika Mashariki inaposimuliwa, jina linalotajwa kwanza ni la mumewe, Sir Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo jijini Kampala. Hata hivyo, anayetaka kujua jinsi binti wa Kiafrika wa eneo hili alivyopata mafunzo rasmi ya ukunga hana budi kuanza na mke, si mume.

Alizaliwa mwaka 1863 nchini Uingereza, akiitwa Katharine Timpson. Alipata mafunzo ya uuguzi katika Hospitali ya Guy's jijini London, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa imeanza tu kuheshimika. Florence Nightingale alikuwa ameanzisha shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas' mwaka 1860, na kuithibitishia dunia kwamba kuuguza ni elimu inayofundishika, wala si kipawa cha kuzaliwa nacho au kazi ya mtumishi asiyejua kusoma. Timpson alilelewa katika imani hiyo, na ndiyo aliyokuja nayo Afrika.

Mwaka 1896 aliteuliwa na chama cha wamishonari wa Kianglikana, CMS, kwenda Uganda. Wanawake wa kwanza wa chama hicho walikuwa wamefika huko mwaka mmoja tu uliotangulia. Katika kundi lake alikuwamo daktari kijana aitwaye Albert Cook, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka saba.

Ujenzi wa reli ulikuwa ndio kwanza umeanza Mombasa, na haingefika Kisumu hadi mwaka 1901. Kwa hiyo safari ya takriban kilomita 1,300 ilikuwa ya miguu, na ilichukua karibu miezi mitatu. Njia ya misafara ya siku hizo ilipanda kutoka pwani hadi Kikuyu, ikavuka Bonde la Ufa, ikapita Eldama Ravine na Nandi, kisha ikateremka hadi kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, kabla ya kuingia Busoga.

Wakati huo hapakuwa na mji wa Kitale wala wa Bungoma. Nchi ya Wabukusu ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita vya mwaka 1895, walipokabiliana na Waingereza huko Lumboko na Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Magharibi yote ya Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa. Ndiyo maana habari za Mengo si habari za ugenini kwa watu wa Bungoma na Trans Nzoia.

Msafara uliingia Mengo Februari 1897. Kufikia Mei mwaka huo, hospitali ndogo iliyojengwa kwa miti, matete na nyasi ilikuwa imefunguliwa, na Timpson ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi. Cheo hicho kilikuwa kikubwa kuliko idadi ya watu aliowaongoza. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga vidonda, kuchemsha vyombo vya upasuaji, kupima dawa, kusimamia chakula cha wagonjwa na kukesha na waliokuwa mahututi.

Mwaka haukuisha kabla ya mtihani wa kwanza. Wanajeshi wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Uingereza waliasi karibu na Eldama Ravine, wakavuka nchi hadi Busoga, na mapigano makali yakazuka huko Lubwa. Majeruhi walipelekwa Mengo, nacho kile kijumba cha matete kikawa hospitali ya vita.

Mwaka 1900 Katharine na Albert walifunga ndoa. Mwaka huo pia walipata jengo bora zaidi la hospitali, lakini mwaka 1902 lilipigwa na radi, likateketea. Walianza upya kwa matofali. Katikati ya masaibu hayo, ugonjwa wa malale ulitambuliwa Mengo mwaka 1901, kisha ukatapakaa katika mwambao wa Ziwa Victoria. Inakadiriwa kwamba uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache. Dawa ya kuuponya haikuwapo. Kilichobaki kwa muuguzi ni kumwosha mgonjwa, kumlisha na kumsitiri hadi mwisho wake.

Kwa miaka mingi, basi, Katharine Cook alikuwa muuguzi wa kitandani kwa maana kamili ya neno hilo. Hakwenda kufundisha kwa kuwa alishindwa kuuguza. Alikwenda kwa sababu alikuwa ameuguza kiasi cha kuuona mpaka wa mikono yake.

Mpaka huo ulionekana wazi zaidi katika uzazi. Akina mama wengi waliofikishwa Mengo walifika wakiwa wamechelewa. Huyu alikuwa na mtoto aliyekwama kwa siku kadhaa, yule ametokwa na damu njia nzima, na mwingine alikuwa na homa ya uzazi iliyotokana na uchafu wa kifaa kilichokata kitovu. Daktari angeweza kupasua na muuguzi angeweza kukesha, lakini hatari ilikuwa imeanzia nyumbani, kilomita nyingi kutoka hospitalini. Mkono mmoja haulei mwana, na hospitali moja juu ya kilima haikuweza kuwalinda wazazi wa nchi nzima.

Haikuwa kwamba watu wa eneo hili hawakujua lolote kuhusu kuzalisha. Mwaka 1879, miaka 18 kabla ya Timpson kufika, daktari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia katika nchi ya Bunyoro mganga wa Kiafrika akimpasua mama mjamzito na kumtoa mtoto. Mganga huyo alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kusafishia jeraha, akachoma mishipa kwa chuma cha moto, kisha akalifunga jeraha kwa pini za chuma. Mama na mtoto walipona, na habari hizo zilipochapishwa Ulaya mwaka 1884 ziliwastaajabisha wengi. Ujuzi ulikuwapo, ila ulihifadhiwa katika mikono michache, nao haukuandikwa wala kufundishwa darasani. Wamishonari nao, kwa jumla, hawakujenga juu ya ujuzi huo wa jadi. Walikuja na wao.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ambapo Mengo ilipokea majeruhi wengi, Katharine Cook alichukua hatua iliyobadilisha maisha yake na ya wengine. Alianzisha shule ya kuwafunza wasichana wa Kiafrika ukunga. Ilikuja kuitwa Shule ya Ukunga ya Lady Coryndon, kwa heshima ya mke wa Gavana Sir Robert Coryndon, aliyetawala Uganda kuanzia mwaka 1918 hadi 1922 kabla ya kuhamishiwa Kenya. Ni jina hilo hilo la Coryndon lililobebwa kwa miaka mingi na makavazi ya Nairobi.

Wazo hilo halikupokewa kwa urahisi. Hadi wakati huo, vijana wa kiume ndio waliofikiriwa kwanza kila palipotafutwa wasaidizi wa hospitali. Kumtoa binti nyumbani, akaishi bwenini, akajifunza habari za mwili na kushika damu ya watu asiowajua, lilikuwa jambo lililowatia wazazi wengi wasiwasi. Palikuwa pia na tatizo la lugha, kwani elimu yote ya ukunga ilikuwa katika vitabu vya Kiingereza.

Katharine na mumewe walilitatua tatizo hilo kwa kuandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, kiitwacho Amagezi Agokuzalisa, yaani maarifa ya kuzalisha. Uamuzi huo haukuwa mdogo. Kumfundisha msichana kwa lugha yake kulimaanisha kwamba angeelewa sababu ya kila tendo badala ya kulikariri. Pia kulimaanisha kwamba angeweza kumweleza mama kijijini kwa maneno yale yale aliyofundishwa nayo.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapopambanuka na ya muuguzi. Muuguzi hodari huona dalili na kutenda, mara nyingi bila kujiuliza amejuaje. Mwalimu hulazimika kuurudia ujuzi huo, kuuvunja vipande na kuupanga kwa utaratibu. Ni lazima ataje ni dalili ipi inayotisha na ipi isiyotisha, ni lini mkunga asubiri na ni lini atume mtu mbio kumwita daktari. Kisha huja jambo gumu zaidi, nalo ni kuachilia. Msichana aliyehitimu angekuwa peke yake usiku katika kituo cha mashambani, na kosa lake lingeweza kuua watu wawili kwa mpigo. Mwalimu wake asingekuwapo kulirekebisha.

Katharine Cook hakuwatuma mabinti hao na kuwasahau. Alikuwa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo vya uzazi vilivyofunguliwa mashambani, ambako wahitimu wake waliwahudumia akina mama karibu na makwao. Alipokagua kituo alikuwa pia anakagua mafunzo yake mwenyewe, kwa kuwa dosari ya mwanafunzi ilimwonyesha mwalimu mahali pa kutilia mkazo.

Hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, upande wa Wakatoliki, mtawa wa Ireland Mother Kevin alikuwa akijenga mafunzo ya ukunga huko Nsambya, kilima kingine cha Kampala. Madhehebu hayo mawili yalishindana kwa mengi, lakini katika jambo hili ushindani wao ulimfaa mama mjamzito.

Haifai, hata hivyo, kumsimulia Katharine Cook kana kwamba hakuwa na doa. Shule yake ilizaliwa ndani ya kampeni ya maadili iliyoongozwa na wamishonari na serikali ya kikoloni dhidi ya kaswende. Mapema katika karne hiyo, daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alikuwa amedai kwamba sehemu kubwa ya Waganda walikuwa na ugonjwa huo, na lawama nyingi zikatupiwa wanawake. Wanahistoria wa baadaye wameonyesha kwamba madai hayo yalitiwa chumvi, na kwamba huenda wengi waliohesabiwa walikuwa na buba, ugonjwa usioenezwa kwa zinaa. Wakunga wa Mengo walitarajiwa kuhubiri maadili pamoja na kuzalisha, na si kila mama aliyefurahia mahubiri hayo.

Lakini mafunzo yalidumu kuliko mahubiri. Mwaka 1931 Katharine alianzisha mafunzo ya wauguzi Mengo, akayajumuisha na yale ya ukunga. Mwaka huo huo reli iliyopitia Eldoret, Bungoma na Tororo ilifika Kampala, na safari iliyomchukua miezi mitatu kwa miguu ikawa ya siku chache. Mwaka uliofuata mumewe alitunukiwa heshima na mfalme wa Uingereza, naye akaitwa Lady Cook. Alifariki mwaka 1938. Mumewe alimfuata mwaka 1951.

Kenya nayo ilikuwa imeanza safari yake. Mafunzo yaliyoanza Nairobi mwaka 1927 ndiyo yaliyokua na kuwa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu Nchini, KMTC, ambacho leo kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye. Mabinti na vijana wa Kimilili, Sirisia, Kwanza na Endebess hawalazimiki tena kwenda mbali kutafuta elimu hiyo. Wanaowafundisha ni wauguzi waliowahi kusimama wodini, waliowahi kumpokea mtoto aliyekataa kulia, na waliowahi kumfunika mama ambaye hakustahili kufa.

Haja ya walimu wa aina hiyo haijapungua. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa ikipoteza akina mama 355 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wengi wao huuawa na yale yale aliyoyakuta Katharine Cook: damu isiyokatika, homa baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, na uchungu wa muda mrefu usiotambuliwa mapema. Dawa zimeongezeka na magari ya kubebea wagonjwa yapo, lakini bado huhitajika mtu wa kwanza kuona dalili na kujua la kufanya.

Muuguzi mmoja akibaki wodini, atawaokoa wengi katika maisha yake, na heshima yake ni kubwa. Akienda kufundisha vizuri, ataokoa kwa mikono ya watu ambao wagonjwa wao hatawaona kamwe, tena hata baada ya yeye kufa. Katharine Cook alizifanya kazi zote mbili, na hakuna ushahidi kwamba aliiona ya pili kuwa mapumziko.