Rubani wa Oysterbay na Ndege Zilizoitwa Imani, Tumaini na Upendo

Jumapili hii naomba tuwaache kidogo watu wa Biblia tuliowazoea, tumtazame mtu aliyewahi kuishi hapa hapa Kinondoni. Watoto wetu wanaosoma vitabu vya Kiingereza wanamjua, hasa kwa kile kitabu cha Charlie na kiwanda cha chokoleti. Anaitwa Roald Dahl. Wasichojua wengi ni kwamba kutoka Dar es Salaam alikwenda kuwa rubani wa ndege za kivita, na kwamba baadaye alimwendea mtumishi wa Mungu akiwa na jeraha kubwa la moyo, akatoka bila dawa. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Cardiff, nchini Wales. Wazazi wake walitoka Norway, wakambatiza katika kanisa la Kilutheri la mabaharia wa kwao. Mwaka 1920, yeye akiwa na miaka mitatu, dada yake Astri alifariki kwa kidole tumbo akiwa na miaka saba. Wiki chache baadaye baba yao naye akafuata. Naomba uikumbuke hiyo miaka saba ya Astri.

Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 meli ikamshusha Dar es Salaam. Alikaa katika nyumba ya kampuni kando ya bahari, upande wa Oysterbay, enzi hizo ikiwa nje ya mji, akiwa na mpishi na watumishi. Yalikuwa maisha ya kibwana ya Waingereza wa Tanganyika, tusiyapambe. Kiswahili alijifunza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939 alipewa askari wa KAR asimame nao kwenye njia ya pwani iendayo kusini, upande wa Temeke na Mbagala ya leo, kuwazuia Wajerumani wasikimbilie kwa Wareno. Novemba mwaka huo huo alichukua gari lake akaenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza.

Alikuwa mrefu karibu mita mbili. Walimfundishia kwenye ndege ndogo ya wazi iitwayo Tiger Moth, yaani nondo chui, na kichwa chake kikazidi kioo cha mbele, upepo ukimpiga usoni. Walikuwa vijana 16 katika mafunzo yale ya Nairobi. Kwa maelezo yake mwenyewe, 13 kati yao walikufa vitani.

Hapa niwaibie siri wapenzi wa ndege. Waingereza walipenda kuzipa ndege zao majina ya wanyama na ya mambo ya kutisha. Hart aliyojifunzia Dahl huko Iraq ni paa dume. Hurricane ni kimbunga. Gladiator ni yule mpiganaji wa Kirumi aliyeuana na wenzake uwanjani watu wakishangilia, na Wakristo wa kwanza waliujua uwanja huo kwa machungu. Gladiator ndiyo ilikuwa ndege ya mwisho ya kivita ya Waingereza kuwa na mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine. Ilikuwa na bunduki nne za rashasha, na vita ilipoanza ilikwisha kupitwa na wakati. Marubani nao walikuwa na majina yao. Injini ikigoma bila sababu walisema ni kazi ya vibwengo, viumbe vidogo vinavyotafuna nyaya angani, na kitabu cha kwanza cha Dahl kwa watoto, mwaka 1943, kilihusu vibwengo hao.

Lakini majina yanayonigusa zaidi yalitoka Malta, kisiwa ambacho Biblia yetu inakiita Melita, pale merikebu ya Paulo ilipovunjika. Juni 1940 Waitalia walianza kukipiga mabomu. Ulinzi wa anga ulikuwa Gladiator chache za jeshi la majini zilizokutwa kwenye makasha, zikaunganishwa haraka haraka. Watu wakaja kusimulia kwamba zilikuwa tatu tu, na kwamba ziliitwa Imani, Tumaini na Upendo, kama katika 1 Wakorintho 13. Ukweli ni kwamba zilizidi tatu, na majina yenyewe yanaelekea kuenea baadaye. Vita hukuza hadithi. Hata hivyo naelewa kwa nini watu waliojibanza kwenye mahandaki waliyapenda majina hayo kuliko ya paa na vimbunga.

Ndege ya aina hiyo hiyo ndiyo nusura immalize Dahl. Tarehe 19 Septemba 1940 aliambiwa apeleke Gladiator kwa kikosi chake, namba 80, jangwani kusini ya Mersa Matruh. Maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi. Alifika mahali alipoelekezwa, akakuta mchanga mtupu. Jua linazama, mafuta yanakwisha, akaamua kutua jangwani, gurudumu likagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, macho yakafumba kwa uvimbe. Ndege ikashika moto, na risasi zikaanza kufyatuka zenyewe kwa joto huku yeye akijikokota gizani. Wenzake walimwokota. Kwa wiki kadhaa hakuona kitu, na alilazwa Alexandria hadi Februari 1941. Alipoandika kisa hicho kwa mara ya kwanza katika gazeti la Marekani, mwaka 1942, kilitoka kikisema alitunguliwa na adui. Hakutunguliwa na mtu.

Aprili 1941 alirudi kazini, safari hii kwenye Hurricane, huko Ugiriki, ambako ndege za Waingereza zilikuwa za kuhesabika mbele ya wingi wa Wajerumani. Tarehe 20 Aprili walipaa 12 juu ya Athens. Marubani wanne hawakurudi, akiwamo kiongozi wao Pat Pattle wa Afrika Kusini, mmoja wa marubani hodari kuliko wote wa vita ile. Dahl anahesabiwa kuangusha ndege zisizopungua tano kwa jumla. Kisha maumivu ya kichwa, matunda ya ile ajali, yakamtoa angani kabisa. Akapelekwa Washington, na huko ndiko alikoanza kuandika.

Aliolewa naye mcheza filamu Patricia Neal, wakapata watoto. Desemba 1960 teksi ilimgonga mwanawe mchanga, Theo, mjini New York. Maji yakajaa kwenye ubongo, ugonjwa tunaouita kichwa kikubwa, na wazazi wengi wa Dar es Salaam wanaujua kwa safari zao za Muhimbili. Mrija uliowekwa kuyatoa maji ulikuwa ukiziba kila mara. Dahl hakukaa kulia tu. Alimtafuta fundi Stanley Wade, mtengenezaji wa injini ndogo za ndege za kuchezea, akamkutanisha na daktari wa upasuaji Kenneth Till. Mwaka 1962 vali yao ilikuwa tayari. Theo alikwisha kupata nafuu, hakuihitaji, lakini iliwasaidia maelfu ya watoto, na wale watatu walikubaliana wasichukue faida hata senti.

Novemba mwaka huo huo binti yao wa kwanza, Olivia, akaugua surua. Alionekana kupona, amekaa kitandani akichezea vitu vya mikono, baba yake akaona vidole havimtii. Surua ilikuwa imepanda ubongoni. Tarehe 17 Novemba 1962 alifariki, akiwa na miaka saba, kama shangazi yake Astri.

Dahl alimwendea Geoffrey Fisher, aliyekuwa amestaafu uaskofu mkuu wa Canterbury mwaka uliotangulia. Walifahamiana, kwa maana Fisher aliwahi kuwa mkuu wa shule yake ya Repton. Mzee akamhakikishia kwamba Olivia yuko peponi. Kisha mazungumzo yakafika kwa mbwa ambaye mtoto alimpenda sana, na askofu akasema wazi kwamba mbwa hatakuwako huko. Dahl alitoka pale akijiuliza kama kweli Mungu yupo, na hakuonekana kulipata tena jibu.

Sisemi askofu alikosea mafundisho. Wanateolojia wapo, watabishana. Ninasema alijibu mtihani wa darasani wakati mbele yake alikaa baba aliyetoka makaburini. Na tusimnyooshee kidole yeye peke yake. Nimekaa misibani, chini ya turubai, nikasikia mama aliyefiwa na mtoto akielezwa mbele za watu ni dhambi gani ya nyumba yake iliyoleta kifo. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kunanisumbua hadi leo.

Dahl hakuwa malaika. Mwaka 1983 alitamka maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa ajili yake. Lakini mwaka 1986, akiwa mzee, aliandika barua kuwasihi wazazi wa Uingereza wawachanje watoto wao. Alieleza saa za mwisho za Olivia moja baada ya nyingine, kwa kuwa mwaka 1962 chanjo ya kuaminika ya surua haikuwapo na sasa ilikuwapo. Kwetu mtoto huipata kliniki akiwa na miezi tisa, kisha miezi 18.

Alifariki tarehe 23 Novemba 1990, akazikwa kwenye makaburi ya kanisa la Great Missenden. Olivia amelala kijiji cha jirani, Little Missenden, ambako baba yake alimtengenezea bustani ya maua ya milimani juu ya kaburi. Nayo ile ndege iliyoitwa Imani ipo katika jumba la makumbusho mjini Valletta. Umebaki mwili wake tu, hauna mabawa.