Mtemi Mirambo na Dola Yake: Ulinganisho na Himaya ya Urusi

Utangulizi

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, wakati Mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ukiwa umeanza wiki chache tu kabla. Urusi ilikuwa miongoni mwa nchi 14 zilizohudhuria mkutano huo, ingawa haikuchukua koloni lolote Afrika. Yenyewe ilikuwa ikijipanua kwa kuteka majirani zake wa nchi kavu, kama alivyofanya Mirambo. Hata hivyo, dola ya Mirambo ilivunjika miaka michache baada ya kifo chake, na himaya ya Urusi iliendelea hadi 1917. Somo hili linaeleza maisha yake na sababu za tofauti hiyo.

Kuzaliwa na ujana

Mirambo alizaliwa mnamo mwaka 1840 huko Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la kwanza lilikuwa Mbula Mtelya, na baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa. Wakati huo Unyamwezi haikuwa nchi moja. Kulikuwa na temi nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake.

Katika ujana wake Wangoni waliingia Unyamwezi kutoka kusini. Mirambo alijifunza mbinu zao za vita, hasa kupanga vijana katika vikosi na kushambulia kwa ghafla. Alirithi utemi wa baba yake mnamo 1858 hadi 1860, akiwa bado kijana.

Kujenga dola

Mirambo aliunda jeshi la ruga-ruga. Hawa walikuwa vijana waliotoka katika makabila mbalimbali, wakiwemo mateka wa vita na watumwa waliotoroka. Hawakulipwa mshahara, walipata sehemu ya nyara. Alinunua bunduki na baruti kwa pembe za ndovu, na akatoza hongo misafara iliyopita katika nchi yake.

Jambo hili lilimgombanisha na Waarabu wa Unyanyembe, waliotaka njia ya Ujiji ibaki wazi. Vita vilianza mwaka 1871. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora akielekea kumtafuta Livingstone, aliungana na Waarabu. Walishambulia ngome ya Mirambo, lakini wakati wa kurudi na nyara wakaviziwa na kushindwa vibaya. Mwezi huohuo Mirambo alivamia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Vita viliendelea hadi 1875, na biashara ya pembe iliathirika mpaka Zanzibar.

Baada ya hapo Mirambo alitafuta marafiki. Mwaka 1876 alichanjiana damu na Stanley, adui wake wa zamani. Alipeleka wajumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda ili apate njia ya biashara ya kaskazini kupitia Ziwa Victoria. Mwaka 1879 alimkaribisha Urambo mmisionari daktari, Ebenezer Southon. Nguvu zake zilifika Uvinza upande wa magharibi, na Usumbwa na mipaka ya Usukuma upande wa kaskazini.

Ulinganisho na Urusi

Stanley alimfananisha Mirambo na Napoleon Bonaparte. Kwa mtahiniwa, mfano wa Urusi una manufaa zaidi, kwa sababu tawala hizi mbili zilipanuka katika miaka ileile. Chini ya Tsar Alexander II, Urusi iliteka Tashkent mwaka 1865, Samarkand mwaka 1868 na Khiva mwaka 1873.

*Mambo yaliyofanana*

(i) Zote zilipanuka kwa nchi kavu. Hazikuwa kama Uingereza au Oman, zilizovuka bahari kwa meli.

(ii) Zote zilifuata biashara. Warusi waliingia Siberia kwa ajili ya ngozi za wanyama. Mirambo alipigania njia za pembe.

(iii) Zote ziliwaacha baadhi ya watawala walioshindwa waendelee kutawala. Amiri wa Bukhara na Khan wa Khiva walibaki chini ya Tsar. Mirambo naye aliwaacha watemi waliokubali kumtii, au aliweka ndugu wa ukoo uleule. Waingereza walitumia mbinu ya aina hiyo Tanganyika kuanzia miaka ya 1920.

*Mambo yaliyotofautiana*

(i) Urithi. Urusi ilikuwa na sheria ya urithi wa kiti tangu 1797. Alexander II alipouawa kwa bomu mwaka 1881, mwanawe alishika madaraka mara moja. Utii wa watemi wengi ulikuwa kwa Mirambo mwenyewe, si kwa kiti chake.

(ii) Jeshi. Askari wa Urusi waliandikishwa kwa sheria na kulishwa na serikali. Ruga-ruga walitegemea nyara, hivyo vita vilipokoma nao walipungukiwa.

(iii) Silaha. Urusi ilikuwa na viwanda vyake, kama vile vya Tula. Bunduki na baruti za Mirambo zilitoka pwani, kupitia njia ambazo adui zake wangeweza kuzifunga.

(iv) Utawala. Urusi ilikuwa na magavana, kodi na kumbukumbu za maandishi. Dola ya Mirambo ilisimama juu ya safari zake za vita zisizokwisha.

Kifo na matokeo

Mwaka 1880 Waingereza wawili waliuawa huko Upimbwe katika vita vya Mirambo, na uhusiano wake na Balozi wa Uingereza huko Zanzibar ukaharibika. Afya yake ilidhoofika, akafariki akiwa na umri wa miaka 44 hivi. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuwashika watemi, naye akauawa vitani. Wajerumani walipopandisha bendera Tabora mwaka 1890, hapakuwa tena na dola moja kubwa ya Wanyamwezi ya kuwakabili. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao hadi Januari 1893, akajilipua ndani ya ngome yake.

Usiandike kwamba dola ya Mirambo ilianguka kwa sababu alikuwa kiongozi dhaifu. Alijenga ndani ya miaka 25 hivi, bila viwanda wala mshahara wa askari, dola iliyowatikisa wafanyabiashara wa Zanzibar. Alichokosa ni muda na mfumo wa kuifanya iishi bila yeye. Leo Kambi ya Mirambo iko Tabora, na msafiri wa treni kutoka Mwanza akibadili Tabora kuelekea Kigoma hupita stesheni ya Urambo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu nne za kukua kwa dola ya Mirambo.
2. Linganisha upanuzi wa Urusi Asia ya Kati na upanuzi wa Mirambo katika Unyamwezi. Toa hoja sita.
3. Kifo cha Mirambo kiliwarahisishia Wajerumani kazi ya kuitawala Tabora. Jadili.