ALAN TURING NA SIRI YA MTUNGI

Wapo mashujaa wa vita ambao hawakufyatua risasi hata moja. Mmoja wao ni hayati Alan Mathison Turing, bingwa wa hisabati wa Kiingereza, ambaye silaha zake katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilikuwa kalamu, karatasi na subira. Maisha yake yana mafunzo hata kwetu hapa Buteba, mpakani pa Busia na Tororo, ambako dereva wa lori, mchuuzi na askari kila mmoja hubeba mfukoni simu yenye fedha zake, barua zake na siri za nyumba yake.

Turing alizaliwa mjini London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, kwa hiyo yeye na kaka yake waliachwa Uingereza mikononi mwa walezi kwa muda mrefu. Shuleni mwandiko wake uliwaudhi walimu, lakini katika hesabu hakuwa na mpinzani. Mwaka 1931 aliingia Chuo cha King's, Cambridge. Mwaka 1936, kabla hajatimiza miaka 25, alikamilisha makala iliyoeleza, kwa nadharia tu, mashine moja iwezayo kufanya hesabu yoyote inayoweza kuwekewa kanuni. Kompyuta zote za leo, na simu zetu pia, ni wajukuu wa wazo hilo.

Tarehe 4 Septemba, 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, Turing aliripoti kazini Bletchley Park, kaskazini ya London. Huko wataalamu walikuwa wakijaribu kufumbua salamu za majeshi ya Ujerumani zilizoandikwa kwa mashine iitwayo Enigma. Mashine hiyo ilifanana na taipureta. Askari alibonyeza herufi moja, ikatokea nyingine, na kila alipobonyeza, magurudumu ya ndani yalizunguka na kubadili mpango wote. Idadi ya namna za kuipanga huandikwa kwa tarakimu 21. Wajerumani waliamini kwamba hakuna binadamu awezaye kuifumbua.

Hata hivyo wanahisabati wa Poland walikwisha kuingia ndani ya fumbo hilo tangu mwaka 1932, na mwezi Julai 1939 waliwagawia Waingereza elimu yao. Juu ya msingi huo Turing alibuni mashine kubwa iliyoitwa Bombe, na ya kwanza ilifungwa mwezi Machi 1940. Yeye mwenyewe aliongoza Kibanda Namba 8, kilichoshughulikia salamu za manowari zilizokuwa zikizamisha meli za chakula na silaha katika Bahari ya Atlantiki.

Je, kufuli hilo lilifunguliwaje? Mashine ilikuwa na kasoro moja, kwamba herufi haikuweza kamwe kugeuka kuwa yenyewe. Lakini mlango mpana zaidi ulifunguliwa na mazoea ya watu. Taarifa za hali ya hewa zilitumwa kila siku kwa saa zilezile na kwa maneno yaleyale. Waendeshaji wengine, kwa uvivu, walichagua ufunguo wa herufi zinazofuatana au jina la mchumba. Turing na wenzake walikisia maneno hayo, wakaiachia Bombe kazi ya kupima makisio. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo hilo lilidhihirika hata katika pwani yetu. Turing hakufika Afrika ya Mashariki, lakini mwaka 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo, Waingereza walihamishia Kilindini, Mombasa, ofisi yao ya kufumbua salamu za Wajapani. Waliiweka katika shule ya Allidina Visram, iliyopewa jina la tajiri aliyekuwa na maduka mengi Kenya na Uganda. Mwaka huohuo mwendeshaji mmoja wa Kijapani alituma ujumbe uleule mara mbili, mara ya pili akiwa ameongeza maelezo, bila kubadili ufunguo. Kosa hilo moja lilitosha. Kufikia Novemba, wataalamu wa Kilindini walikuwa wakisoma salamu zote za fumbo la meli za biashara za Japani.

Turing naye hakukosa makosa. Kwa kuhofia kwamba Wajerumani wangeivamia Uingereza, alinunua vipande vya fedha, akavizika porini karibu na Bletchley, na maelekezo akayaandika kwa fumbo. Vita vilipokwisha alivitafuta mara kadhaa, asivione hadi mwisho wa maisha yake. Mficha mali asipojiwekea njia ya kuirudia huwa amejiibia mwenyewe.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1952 aliwaarifu polisi kwamba nyumba yake imeibiwa. Katika upelelezi ikafichuka kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule. Alihukumiwa, akakubali kudungwa sindano za homoni badala ya kifungo, na akanyang'anywa ruhusa ya kushughulikia mambo ya siri. Alifariki tarehe 7 Juni, 1954, kwa sumu ya sayanaidi, na uchunguzi uliamua kwamba alijiua. Mwaka 2013 alipewa msamaha wa Malkia, na mwaka 2021 sura yake ikachapwa katika noti ya pauni 50.

Leo simu ya kawaida huweza kufumba yaliyomo kwa ufundi unaoipita Enigma kwa mbali. Mwizi wa Malaba au Busia hahangaiki na hesabu hizo. Humhangaikia mwenye simu. Humchungulia akiandika namba ya siri, au humpigia akijifanya mtumishi wa kampuni. Kwa hiyo tusifanye mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri, wala neno moja lisifungue milango yote. Namba ya uthibitisho asitajiwe mtu yeyote. Simu ifungwe kila inapowekwa chini, na programu zake zisasishwe. Nakala ya mambo muhimu iwekwe mahali pengine palipo salama, na ufunguo wake usipotee kama fedha ya Turing.

Maelfu waliofanya kazi Bletchley, wengi wao wanawake, walifunga vinywa hadi siri hiyo ilipoanza kutangazwa mwaka 1974. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo ni sisi wenyewe.